Anti, nani anasaini? Watoto, wazazi na fomu za hospitali

Toleo lililopita kuna baba aliuliza kama kijana wake wa miaka 17 anaweza kujisainia fomu ya operesheni, nikamjibu kwa mistari miwili mitatu kwamba hapa Tanzania mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo fomu ya upasuaji anasaini mzazi au mlezi, nikapita zangu. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimemiminika, za mabinti, za kina mama wenye hasira, za bibi mmoja wa Mombasa na moja kutoka Uingereza, na karibu zote zinauliza kitu kilekile kwa njia tofauti: mtoto anaanza lini kujiamulia mwenyewe akifika hospitali? Basi ukurasa wote wa leo ni huo. Majina nimetoa, miji nimebadilisha pale nilipoona mtu anaweza kujulikana. Ila kabla hatujaanza jueni hakuna umri mmoja, inategemea umefuata huduma gani na uko nchi gani, kwa hiyo jibu la jirani yako linaweza lisiwe lako.

Shikamoo Anti. Mi niko form three, nina miaka 16, naishi Morogoro. Nilikuwa na boyfriend tumeachana kama miezi miwili sasa, nasikia kwa watu kwamba ameungua, yaani ana virusi vya UKIMWI. Nikaenda zahanati kupima, dada wa pale mapokezi akaniambia we mtoto kamlete mama yako. Mama nikimwambia ataniua. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Huyo dada amebaki kwenye sheria ya zamani. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilikuwa inataka mtoto apimwe kwa ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi, na mtoto ilimaanisha chini ya 18. Novemba 2019 Bunge likairekebisha, umri ukashushwa mpaka 15, na marekebisho hayohayo ndio yakaruhusu watu kujipima wenyewe kwa vile vipimo vya kujipimia. Kwa hiyo we una 16, unaridhia mwenyewe, mama yako hahitajiki hapo dirishani hata kidogo.

Rudi. Usibishane na mapokezi, uliza mshauri nasaha yuko chumba gani, na wakikuzungusha tena muombe uonane na mganga mfawidhi, au nenda kituo kingine ambacho kina huduma rafiki kwa vijana, pale Morogoro mjini huwezi kukosa. Pima sasa hivi, na kwa sababu mmeachana miezi miwili tu watakwambia urudie mwezi wa tatu ukifika ili kuwa na uhakika, usikasirike wakisema hivyo ndio utaratibu. Siku nyingine (Mungu apishe mbali) ukiwa na wasiwasi wa jambo la jana au juzi, usingoje kupima, kimbilia kituo ndani ya saa 72 kuna dawa za kuzuia, baada ya hapo hazisaidii tena.

Majibu yakija mabaya unaanzishiwa dawa mapema, mara nyingi siku hiyohiyo, na watakuuliza kama kuna mtu mzima unayemwamini wa kukusindikiza CTC, ile kliniki ya dawa za VVU. Si lazima awe mama. Anaweza kuwa shangazi, dada, hata mwalimu. Lakini kumeza dawa kila siku kwenye nyumba ambayo hamna hata mtu mmoja anajua ni kazi ngumu sana, watoto wengi wanaficha vidonge mpaka wanaviacha, kwa hiyo mtafute huyo mmoja mapema. Halafu jambo lingine, hukuniambia huyo boyfriend ana umri gani. Kama ni mtu mzima tutaongea siku nyingine kwa sababu hilo ni kosa lake sio lako. Na hizo habari za kwamba ameungua usizisambaze, nusu ya habari za namna hiyo mtaani ni za kisasi.

Kwa wanaouliza kwanini 15 na sio 18, nadhani ukweli ni kwamba vijana hawakuwa wanasubiri 18 kufanya mengine, walikuwa wanasubiri kwenye kupima tu. Uganda kijana anajipima mwenyewe kuanzia miaka 12, Afrika Kusini nayo ni 12, kwa hiyo 15 yetu wala sio ya kutisha kama wengine mlivyoniandikia.

Anti habari za kazi. Nina binti wa miaka 17, yuko form four. Wiki iliyopita namsuka nikamshika mkono nikahisi vitu vigumu chini ya ngozi, kumbuka mimi ni mama wa watoto wanne navijua, kaweka vijiti vya kuzuia mimba. Kumbana anasema aliwekewa kituo cha afya na nesi. Nesi gani huyo anamwekea mtoto wa mtu vijiti bila kuniuliza mimi niliyemzaa? Nataka kwenda kumshtaki. Mama wa Temeke.

Salama mama. Pole kwanza, maana najua moyo ulivyoruka siku hiyo. Lakini kesi huna.

Miongozo ya uzazi wa mpango ya nchi hii tangu 1994 inasema huduma ni haki ya mtu yeyote aliye katika umri wa kuzaa, vijana wakiwemo, awe ameolewa au hajaolewa, awe amezaa au hajazaa. Hakuna mahali nesi anatakiwa kutafuta saini ya mama. Na kwa kuwa yule binti ndiye mteja, nesi akikupigia simu kukwambia ndio anakuwa amekosea, siri ya mgonjwa ni siri hata kama mgonjwa ana sare ya shule.

Najua utaniuliza, sasa mbona sheria inasema msichana chini ya 18 hawezi kukubali ngono, iweje wampe vijiti? Ni swali zuri na hata manesi wenyewe linawasumbua, wengi wanawafukuza mabinti pale dirishani wakiogopa ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 wanafikiri na wao watahesabiwa wameshiriki. Mi navyoiona ile sheria inaongea na mwanaume. Mwongozo unaongea na nesi. Mwanaume anaambiwa usimguse, nesi anaambiwa huyu akifika mbele yako msaidie asirudi na mimba, hayo mawili hayagongani. Na kwa mwanafunzi ni zaidi, tangu 2016 anayempa mimba mwanafunzi adhabu yake ni miaka 30 jela.

Kwa hiyo hasira yako iko sawa ila umeielekeza kwa mtu asiye. Swali la kumuuliza binti ni nani yuko naye na ana umri gani, na je alitaka au alilazimishwa, kwa sababu kuna watoto wanawekwa vijiti na mtu mzima ambaye hataki ushahidi. Ukisikia jina la mtu mzima, dawati la jinsia polisi liko kwa ajili hiyo. Ukisikia ni kijana mwenzie wa darasani, kaa naye chini. Mwambie vijiti havizuii UKIMWI wala kaswende wala gono, aende akapime, umri unamruhusu. Na usimvute kwenda kuvitoa kwa nguvu, nesi mwenye akili atamuuliza yeye kwanza, mkono ni wake, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto anayeweza kutoa mawazo yake lazima asikilizwe kwenye maamuzi yanayomhusu. Form four mtihani uko mbele mama. Mimba ingekuwa barua nyingine kabisa.

Anti mdogo wangu ana miaka 17 alianguka na bodaboda mguu ukavunjika mfupa ukatoka nje. Hospitali tuliyompeleka wakasema operesheni inahitaji baba asaini, baba yuko machimboni Geita simu haishiki. Mimi ni dada yake nina 24 wakasema mimi siwezi. Alikaa na lile donda masaa mpaka baba akapatikana. Ni haki kweli?

Hapana sio haki, na imenikera kusoma. Dharura haisubiri saini. Sheria ya Mtoto inakataza mtu yeyote kumnyima mtoto matibabu, na mfupa uliotoka nje kila saa inayopita ni mlango wa vidudu, daktari analijua hilo kuliko mimi. Kinachofanyika mahali panapojielewa ni kwamba daktari anaandika kwenye faili kuwa hii ni dharura, mzazi ametafutwa kwa namba fulani saa fulani hajapatikana, mganga mfawidhi anajulishwa, kazi inaanza. Ndugu mtu mzima aliyemleta kama wewe unaweza kabisa kukaa kwenye nafasi ya mlezi kwa siku hiyo. Na kuna afisa ustawi wa jamii, hospitali kubwa zote wanaye, watu wanafikiri ni wa kusamehe bili tu, kumbe na huyu ndio mtu wa kumuita pale mtoto hana wa kumsainia.

Ikitokea tena (isitokee) sema maneno haya kwa sauti: naomba muandike kwenye faili sababu ya kuchelewesha na jina la aliyeamua. Utaona miguu inavyokuwa myepesi. Wenzetu Kenya limo kabisa kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 43, mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Anti, kuna mtoto hapa jirani ana miaka 13 anaishi na baba yake mdogo. Juzi usiku aliingiliwa, na wanasema aliyefanya ni ndugu wa humohumo. Mlezi hataki apelekwe hospitali anasema watayamaliza kifamilia na yeye ndiye mwenye ruhusa.

Hana ruhusa hiyo. Mpeleke leo, usimalize hata kusoma ukurasa huu.

Saa 72 ndio mwisho wa dawa za kuzuia VVU na zinafanya kazi vizuri zaidi ukiwahi, za kuzuia mimba mpaka siku tano nazo ni hivyohivyo. Asiogeshwe, nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Kama hospitali ya karibu ina kituo cha mkono kwa mkono nenda hapo, daktari, polisi na ustawi wa jamii wote wako sehemu moja. Kama hamna, nenda hospitali yoyote, ile PF3, fomu ya polisi, inaweza kufuata nyuma, matibabu yanatangulia. Mlezi akizuia piga 116, ni bure, namba ya kusaidia watoto, au nenda ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Sheria ya Mtoto jirani anayejua haki ya mtoto inavunjwa ana wajibu wa kuripoti, kwa hiyo usiogope kuitwa mmbea. Saini ya mlezi imewekwa ili mtoto atibiwe. Haikuwekwa ili kumficha mtu.

Hujambo mwanangu. Mimi ni bibi niko Mombasa. Mjukuu wangu wa miaka 13 yuwakoroma usiku hata pumzi yakatika, daktari asema atolewe nyama za pua. Mamake yuko Saudia kazini, babake hajulikani aliko. Hospitali wataka mzazi atie sahihi. Nami nimemlea tangu ana miaka mitatu.

Shikamoo bibi. Hili sio la dharura kama lile la mguu kwa hiyo muda upo wa kupanga makaratasi, na wewe si wa kwanza, pwani yote imejaa mabibi wanaolea watoto wa walioko Ghuba.

Mwambie mama mtoto aandike barua kwa mkono wake, aseme yeye ni nani, mtoto ni nani, na kwamba amekupa wewe ruhusa ya kusimamia matibabu yake yote, aweke sahihi, aipige picha na picha ya pasipoti aitume kwa WhatsApp. Uiprinti. Chukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho chako, na barua ya chifu kwamba mtoto aishi nawe. Ukifika na hivyo vitu vinne hospitali nyingi zitatulia, na wakitaka zaidi wampigie mama simu ya video mbele ya daktari. Na kwa vile mama bado ana mkataba huko na mtoto ana miaka mitano mbele yake kabla ya kufika 18, nenda ofisi ya watoto ya kaunti ndogo uwaulize kuhusu kuwa mlezi rasmi kortini chini ya Sheria ya Watoto ya 2022. Yachosha kidogo lakini shuleni pia itakufaa. Na mjukuu mwenyewe aulizwe bibi, miaka 13 aelewa, aelezwe atafanywa nini na ataumwa wapi.

Sasa Anti. Niko Kilifi nina miaka 16 na mtoto wa miezi saba. Kliniki mimi ndio napeleka mtoto, chanjo zake zote natia sahihi mimi. Lakini nilipotaka kupimwa virusi mimi mwenyewe nikaambiwa niko chini ya umri. Hii ni akili kweli?

Poa mwanangu. Sio akili na sio sheria. Sheria ya UKIMWI ya Kenya ya 2006, kifungu cha 14, inasema mtoto aliye na mimba, au aliyeolewa, au aliye mzazi, au ambaye maisha yake yanamweka kwenye hatari ya kuambukizwa, anaweza kutoa ridhaa yake mwenyewe kwa maandishi. We ni mzazi. Imekwisha hiyo. Waonyeshe kadi ya kliniki ya mtoto kama ushahidi, na uandike.

Hii ya mama mtoto kuonekana mkubwa huku na mdogo kule ipo na kwetu Tanzania tena imezidi. Sheria ya Ndoa ya 1971 bado inaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, Mahakama Kuu ilisema 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019, na mimi bado naandika hapa. Kwa hiyo binti wa 16 ni mke wa mtu, leba ikikwama anahitaji kupasuliwa, inatafutwa saini ya nani? Nimeona mume anasaini, nimeona mama mkwe anasaini, mwenye tumbo haulizwi. Kama unafanya kazi leba na unasoma hapa, muulize.

Anti pole na majukumu. Tuko Reading, Uingereza. Binti yangu wa miaka 14 alienda kwa GP, daktari wetu wa mtaani, peke yake baada ya shule. Nilipopiga kuuliza wakaniambia ni siri yake hawawezi kuniambia. Miaka 14! Huku watoto ni wa serikali au wa wazazi?

Nzuri dada. Hili kuna mama wa kizungu alishalipigania kabla yako, Victoria Gillick, mama wa watoto kumi. Serikali iliwaambia madaktari wanaweza kumpa msichana chini ya 16 dawa za uzazi wa mpango bila mzazi kujua, akaenda mahakamani kutaka waahidi kwamba kwa mabinti zake haitatokea. Akafika mpaka juu kabisa, na 1985 akashindwa, majaji watatu kwa wawili. Walichosema ni kwamba mtoto akiwa na uelewa wa kutosha wa jambo analotaka kufanyiwa anaweza kuridhia mwenyewe, na hapo hawaangalii tarehe ya kuzaliwa, daktari anapima uelewa wake kwa jambo hilo hilo. Jina la huyo mama ndio wanalitumia mpaka leo kuita kipimo chenyewe, sijui anajisikiaje. Ukifika 16 huko, sheria ya 1969 inakuhesabu kama mtu mzima kwenye kuridhia matibabu.

Ila usifikiri ni holela. Kwenye mambo ya uzazi wa mpango daktari anatakiwa amshawishi mtoto amwambie mzazi, na akiona mtoto anadhuriwa siri inavunjwa. Mtoto akikataa matibabu ya kuokoa maisha mahakama inaweza kumpindua. Na inawezekana kabisa alienda kwa ajili ya chunusi au tumbo la hedhi, wewe umeshafika mbali. Muulize jioni mkiwa mnapika, usimuulize kama polisi.

Anti shuleni kwetu kila tukifungua matroni anatupima mimba wasichana wote, hatuulizwi. Tunaruhusiwa kukataa?

Kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki na ustawi wa mtoto ilisema mwaka 2022, tena kwenye kesi iliyoihusu Tanzania yenyewe, kwamba kupima wasichana mimba kwa lazima ni kuvunja haki zao na kuacha kufanyike. Na tangu Novemba 2021 aliyepata mimba anaruhusiwa kurudi shule baada ya kujifungua, kwa hiyo hata ile sababu ya kuwasaka ili wafukuzwe haipo tena. Najua kumkatalia matroni peke yako ni kutafuta adhabu. Waambieni wazazi, wazazi waandike barua pamoja kwa mkuu wa shule na nakala kwa afisa elimu, barua ya wazazi kumi inasomwa.

Anti mi nina miaka 12 wanakuja kutuchanja ya saratani ya mlango wa kizazi. Mama amekubali. Mi naogopa sindano. Naweza kukataa?

Marahaba hata kama hujanisalimia. Kwa umri wako mama ndio anaamua, ila una haki ya kusema unaogopa na kuuliza ni ya nini. Ni ya kukukinga na kirusi kinacholeta saratani hiyo ukubwani, na tangu 2024 hapa kwetu ni sindano moja tu kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14, zamani zilikuwa mbili. Kula kabla hujaenda, mwambie nesi mapema unaogopa ili akuchome umekaa, angalia upande mwingine, na usikimbilie kuinuka, subiri kama dakika 15 hivi.